Kugandisha nyama uzembe

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe, akamwomba shemeji wa kike wa mfalme huyo akubali kupimwa. Mkono ulikuwa na mzunguko wa sentimita 58, paja 79. Mama huyo alishibishwa maziwa hata akawa hawezi kusimama, na huo ndio uliokuwa urembo wa kifalme. Siku hizi, simu ya Kayanga, Karagwe, au Nkwenda, Kyerwa, huletewa tangazo la kinyume: kitambi kigandishwe, bila kisu.

Chombo hunyonya mkunjo wa nyama na kuupoza kwa nusu saa hadi saa nzima. Seli za mafuta hufa kwa ubaridi ambao ngozi huustahimili, kisha mwili huziondoa kwa miezi miwili au mitatu. Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya kupunguza mafuta hivi mwaka 2010. Mkunjo hupungua takriban robo, uzito haubadiliki. Mafuta ya ndani, yanayozunguka ini na utumbo na kuchangia kisukari, hayaguswi. Kwa hiyo mimi siiiti njia hii tiba ya unene.

Wekundu, michubuko na ganzi ya wiki kadhaa huisha vyenyewe. La kuogopa ni jingine. Kwa wachache mafuta huongezeka badala ya kufa, na kuwa uvimbe mgumu wenye umbo la chombo chenyewe, tena miezi kadhaa baadaye, mteja ameshalipa na kuaga. Mazoezi hayauondoi, kwa kawaida huhitaji upasuaji. Madaktari waliueleza mara ya kwanza mwaka 2014, wakakadiria tukio 1 kwa matibabu 20,000. Tafiti zilizofuata zimekuta mengi zaidi. Mwanamitindo Linda Evangelista alipotangaza yaliyompata, mwaka 2021, ndipo wengi waliposikia.

Mwenye ngiri mahali panapopozwa asifanyiwe, wala mwenye maradhi ya damu yanayoamshwa na baridi. Mgonjwa wa sikoseli nami ningemzuia, maana baridi huchochea maumivu yake. Mashine nazo hughushiwa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ndiyo ya kuulizwa.

Kibaya kuliko vyote ni kujifunga barafu tumboni nyumbani. Barafu haina kipimo, huunguza ngozi. Ngozi ikiwa ngumu, ya kijivu na isiyo na hisia, ipashe kwa maji ya uvuguvugu, usiisugue, kisha nenda hospitali: Nyakahanga kwa wa Karagwe, Isingiro kwa wa Kyerwa.