Tundu Kwenye Kioo: Kuchagua Viungo vya Bomba vya Tangi la Samaki

Fundi bomba hodari anaweza kuharibu tangi la samaki kwa ustadi uleule unaompa sifa mtaani. Kazi yake ya kila siku ni maji ya mfereji yenye msukumo mkali, hivyo anaamini chuma, brasi na spana. Lakini maji yenye kina cha nusu mita hukisukuma kiungo cha chini kwa takriban kilopaskali 5 tu, sehemu moja ya ishirini ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Hapo nguvu haina kazi.

Kiungo chenyewe mafundi hukiita tanki konekta: kichwa kipana, shina lenye meno, mpira na nati. Kichwa hukaa ndani ya tangi, mpira ukiwa kati yake na kioo, na nati hufungwa nje. Ukiuhamishia mpira upande wa nati, maji yatapenya chini ya kichwa na kuyafuata meno hadi nje, hata ukaze vipi. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, acha.

Sababu ya upole huo ilielezwa mwaka 1921 na mhandisi Mwingereza A. A. Griffith. Alionyesha kwamba kioo hupasuka mapema kuliko nadharia inavyotabiri kwa sababu kina nyufa ndogo sana, na nguvu hujilimbikiza kwenye ncha za nyufa hizo. Ukingo wa tundu lililotobolewa kwa msumeno wa almasi umejaa nyufa za aina hiyo. Ndiyo maana tundu liwe mbali na ukingo wa kioo, angalau kwa urefu wa kipenyo chake. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakitobolewi kabisa. Husambaratika vipande vipande. Matangi mengi ya kiwandani yana kioo hicho kwenye sakafu, kwa hiyo hakikisha kabla ya kugusa.

Nunua kiungo kwanza, toboa baadaye. Kiungo cha inchi 1 hakiingii kwenye tundu la milimita 25, kwa kuwa shina lake lenye meno ya Kiingereza lina kipenyo cha nje cha milimita 33 hivi. Pima shina lililo mkononi mwako, si namba iliyoandikwa.

Meno nayo yana utaifa. Mabomba yetu ya Afrika Mashariki hufuata kipimo cha Uingereza, ilhali vifaa vingi vya akwariamu kutoka Marekani hufuata cha kwao. Kwenye nusu inchi vyote vina meno 14 kwa inchi, basi vinashikana kidogo na kumdanganya mtu, ingawa pembe ya meno ni nyuzi 55 kwa kimoja na 60 kwa kingine. Kwenye inchi 1 ni meno 11 dhidi ya 11.5: vitakwama au vitavuja.

Brasi iachwe dukani. Ndani yake mna shaba, na kiasi kidogo cha shaba kinachotumiwa kama dawa ya vimelea vya samaki wa baharini kinatosha kuua kamba, konokono na matumbawe. Chagua plastiki, pamoja na koki na yuniani za plastiki ili pampu iweze kutolewa kwa usafi bila kukata bomba.

Bomba la kushusha maji hadi tangi la chini, lenye pampu, liwe pana kuliko la kuyapandisha, kwani pampu husukuma ilhali maji yanayoshuka hutegemea uzito wake tu. Kuongeza kipenyo mara mbili huongeza nafasi ya kupita mara nne.

Umeme ukikatika, bomba la kupandisha huanza kunyonya maji kurudi tangi la chini. Kwenye tangi la sentimita 120 kwa 50, kila sentimita ya kina ni lita 6. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 5 chini ya uso, lita 30 zitashuka. Valvu ya kuzuia maji kurudi huziba kwa mwani, nami siitegemei. Toboa tundu dogo kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji, hewa iingie na mvuto ukatike. Kisha zima pampu kwa makusudi, subiri maji yatulie, na uchore mstari kwenye tangi la chini palipo nafasi ya kuyapokea yote.