Usinunue Pikapu kwa Rangi Yake

Ninyi mnaokaa milimani mwaijua taabu hii. Iliki imekauka, mdalasini umefungwa, lakini hakuna gari la kuteremsha mzigo. Mgonjwa amezidiwa usiku, na hospitali iko Muheza. Ndipo ndugu watatu au wanne wanapochanga fedha ili wanunue pikapu iliyokwisha tumika. Fedha hizo ni ada ya watoto na mabati ya nyumba. Zikipotea katika gari bovu, mara nyingi na udugu hupotea pamoja nazo.

Tuchukue barabara ya Amani, katika Usambara ya Mashariki. Toka Muheza ni kilometa 30 na kitu tu, lakini unaacha nchi ya joto na kufika kimo cha mita 900 hivi, na toka Sigi kwenda juu ni kona juu ya kona. Mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Zamani za Wajerumani palikuwa na reli ndogo toka Tengeni, nayo iliishia Sigi. Mlima wenyewe haikuupanda. Gari lenu litaupanda kila juma, tena limebeba.

Basi uendapo kulitazama, nenda asubuhi na mapema, na umwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ina moto, yafaa urudi siku nyingine, kwani injini iliyochoka huwaka vema ikishapashwa. Ikiwa baridi, fungua rejeta utazame kama mafuta yanaelea juu ya maji. (Rejeta ya moto usiifungue kamwe.) Kisha chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi si ajabu katika injini ya dizeli. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Hapo aga kwa heshima uende zako.

Sasa liwashwe. Moshi mweupe kidogo katika baridi ya asubuhi hupotea wenyewe. Usipopotea, na maji ya rejeta yakipungua, shuku gasketi ya silinda hedi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi mwingi ni dizeli isiyoungua yote. Labda ni nozeli, labda ni chujio la hewa tu, ambalo bei yake ni ndogo. Saa ya kilometa usiiamini sana, maana hurudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedeli ulivyolika.

Lakini pahali pa kukaa muda mrefu ni chini ya gari. Tandika gunia ulale chali. Magari yaliyokaa Tanga hupigwa na hewa ya chumvi, na mengine yaletwayo toka Japani au Uingereza yamepita katika barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Chukua nyundo ndogo ugonge chesisi, hasa pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hakina sauti. Ukikuta rangi nyeusi mpya chini ya gari la zamani, uliza imepakwa kwa nini. Land Rover za zamani zimewadanganya wengi: bodi yake ni ya aluminiamu, haishiki kutu, lakini chesisi yake ni ya chuma. Tazama pia nyuma ya kebini kama kuna ufa au alama za kuchomelea, kwani hapo ndipo mzigo uliozidi huvunja.

Ukiwa hapo chini, tafuta shafti iendayo magurudumu ya mbele. Wako watu walioiondoa ilipoharibika, wakaacha maandishi ya 4x4 ubavuni. Kama ipo, gari liingizwe matopeni uone magurudumu ya mbele yakivuta. Usilijaribu hivyo kwenye lami kavu.

Halafu pandeni mlima, mkiwa na magunia nyuma. Mkiteremka, tia gia ya pili, ondoa mguu kwenye mafuta. Gia ikichomoka yenyewe, gia boksi imekwisha, na katika kona za Sigi jambo hilo huua. Mwenye gari akikataa kupanda mlima, amekwisha kukujibu. Kulipeleka gari kwa Padre libarikiwe ni desturi njema, na Mtakatifu Kristofori atuombee, lakini yeye hakazi nati za mtu.

Wengi huuliza, gari la namna gani? Mimi natazama kwanza kama vipuri vyapatikana Muheza au Tanga. Hilux za sasa zenye nozeli za kompyuta zina nguvu, ila dizeli chafu huziharibu upesi. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, haina kompyuta wala taabo, na mafundi wengi waijua.

Kabla ya kutoa fedha, soma namba iliyogongwa katika chesisi uilinganishe na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Wala msimalize fedha zote kwa muuzaji. 1HZ ina mkanda ndani ya injini. Ukikatika, pistoni na valvu hugongana. Asipojua ulibadilishwa lini, ubadilisheni kabla ya gunia la kwanza.