Kujiepusha na Nyama: Mfungo, Unajisi na Hiari

Mjini Machakos, mgeni akichinjiwa mbuzi kisha asile, mwenyeji huweza kudhani kwamba amedharauliwa. Hata hivyo, wanaojiepusha na nyama hawaongozwi na sababu moja. Kwa Mkatoliki, Ijumaa za Kwaresima ni siku za kujinyima: nyama huachwa, samaki huruhusiwa, na Pasaka ifikapo katazo hilo huisha. Msabato hufuata sura ya 11 ya Mambo ya Walawi. Nguruwe kwake ni najisi daima, ilhali mbuzi ni halali, ingawa baadhi yao huacha nyama zote kwa ajili ya afya. Wahindu wengi nao hushika ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe chenye uhai. Kwao hata mchuzi wa nyama haufai. Wapo pia wanaofuata dhamiri zao tu, au ushauri wa daktari.

Kwa hiyo, neno "mwiko" pekee halitoshi kueleza hali hizi zote. Ni vyema mwenyeji aulize sababu kabla ya kuchinja, naye mgeni aieleze mapema. Muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ukipikwa bila mafuta ya wanyama, utawafaa wote hao.