UZI: Ukimaliza kuchaji, toa gari. Ni haki ama ni kutunyonya?

1/ Mjadala wa magari ya stima ukianza, lazima mtu aseme: "Wanatutoza hata kama hatutumii stima!" Wacha tuelewane.

2/ Stesheni inauza vitu viwili: stima na nafasi. Gari limejaa na bado liko kwa chaja? Huo ni mtungi uliojaa ulioachwa chini ya bomba. Foleni haisongi.

3/ Mfano, Marekani. Tangu Desemba 2016 Tesla hutoza kwa dakika gari lililomaliza kuchaji. Lakini stesheni ikiwa haijafika nusu, hulipi. Ikijaa kabisa, ada ni maradufu. Ukitoa gari ndani ya dakika 5, unasamehewa.

4/ Na kikomo je? Kwa chaja ya kasi, betri ikipita asilimia 80 hupokea stima polepole sana. Ndiyo maana 2024 Electrify America ilijaribu kikomo cha 85 kwa stesheni kadhaa za California.

5/ Nani anaumia? Mwenye boma lake atamalizia kuchaji nyumbani usiku. Mpangaji wa ghorofa ya nne hana hiyo nafasi. Sheria ni moja, uzito si mmoja.

6/ Kwa hivyo mwanasiasa akisema "futa ada", muulize foleni ataipunguza vipi. Akisema "ongeza ada", muulize kama inatozwa hata stesheni ikiwa tupu. Ikiwa ndiyo, hapo hapangwi mtu foleni, zinatafutwa pesa tu.

Wewe ungeanza na swali gani?