Mtu Aliyegeuka Barabara

Jijini Toronto, nchini Kanada, kuna barabara inayopita juu ya vichwa vya watu. Imebebwa na nguzo nene za zege, na magari hunguruma huko juu usiku na mchana. Asubuhi, redio zikitangaza foleni, lazima mtalisikia jina lake: Gardiner. Madereva hulitaja wakiwa wamekunja uso. Ajabu ni kwamba Gardiner alikuwa mtu.

Frederick Gardiner alizaliwa huko huko Toronto mwaka 1895. Akasomea sheria, na kufikia miaka ya 1930 alikuwa tayari kwenye siasa za kitongoji cha Forest Hill. Watu walimbandika jina Big Daddy, yaani Baba Mkubwa, lakini msije mkamfikiria baba mkubwa wenu anayewanunulia peremende. Huyu alikuwa pande la mtu, mbishi, na hakupenda kucheleweshwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nyumba ziliota kama uyoga pembeni mwa jiji. Mabomba ya maji hayakuzifikia, na majitaka hayakuwa na pa kwenda. Ndipo mwaka 1953 serikali ya jimbo la Ontario ikaiweka Toronto na vitongoji vyake 12 chini ya baraza moja, na Gardiner akateuliwa mwenyekiti wa kwanza. Nimesema akateuliwa, wananchi hawakumpigia kura. Akakikalia kiti hicho mpaka 1961, mabomba yakalazwa, shule zikajengwa.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye barabara kuu ya kando ya Ziwa Ontario. Ili ipate njia, bustani ya michezo ya Sunnyside, kipenzi cha watoto, ilivunjwa, na nyumba za mtaa wa Parkdale zikaangushwa. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1958, ikiwa na jina lake, na mwenyewe bado yupo kitini! Hilo hunichekesha. Wenzake wengi husubiri mpaka wazikwe.

Mahali pamoja hakufua dafu. Fort York ni ngome ya zamani ambapo Waingereza walipigana na Wamarekani mwaka 1813. Gardiner alitaka barabara ipite hapo, ngome ihamishiwe kwingine. Wapenda historia wakakataa katakata. Mwisho barabara ndiyo iliyopinda, ikaizunguka ngome.

Sasa tazameni zege lenyewe. Toronto theluji ikianguka, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Maji ya chumvi hupenya kwenye nyufa ndogondogo hadi kwenye nondo zilizo ndani. Nondo zikishika kutu huvimba, na zikivimba hulipasua zege kutoka ndani, vipande vikaanza kudondoka. Ndiyo maana barabara ile haiishi kukarabatiwa. Kipande cha mwisho cha upande wa mashariki kilibomolewa kabisa karibu na mwaka 2001, na tangu hapo madiwani wamebishana sana juu ya kile kilichobaki.

Na pale kwenye ngome? Mwaka 2018, chini ya barabara ile ile, pakafunguliwa uwanja uitwao The Bentway. Majira ya baridi njia yake hugandishwa, na watoto waliofunga viatu vya kisu huteleza wakipindapinda katikati ya nguzo, huku juu yao magari ya Gardiner yamekwama kwenye foleni.