Fahamu: Tairi lipi linaifaa Subaru ya kila siku?

Vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam huzipenda Subaru Impreza WRX kutoka Japani. Tairi la mashindano huzinogesha, lakini foleni, mashimo na masika hudai jingine.

Ubavuni mwa tairi huandikwa, mathalani, 225/45R17 91W: upana milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17, mzigo kilo 615, kasi ya juu kilomita 270 kwa saa.

Mpira laini hung'ang'ania lami, ila huisha upesi. Kwa safari za kila siku, mifereji mipana inayotoa maji ina thamani kuliko kasi isiyoruhusiwa barabarani. Ubavu ukiwa mfupi mno, shimo moja hupinda rimu.

Tarehe ya kutengenezwa nayo isomwe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri laweza kuwa limekwishazeeka.