Fahamu: Punguzo la tiketi na shabiki wa kudumu
Punguzo la tiketi, yaani kushusha kiingilio ili viti visibaki vitupu, huonwa na vilabu vingi kuwa dawa ya mahudhurio hafifu, ilhali yaliyotokea Uingereza yanaonyesha kwamba shabiki wa kudumu, yule anayekwenda uwanjani timu ikishinda au ikifungwa, hutazama kwanza kama klabu inamthamini. Februari 6, 2016, Liverpool ikiongoza 2-0 dhidi ya Sunderland, maelfu ya mashabiki waliinuka dakika ya 77 na kutoka uwanja wa Anfield, wakipinga tiketi ya pauni 77 iliyopangwa kwa msimu uliofuata. Mchezo uliisha 2-2, na siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi na kuifuta bei hiyo. Mwezi uliofuata vilabu vya Ligi Kuu vilikubaliana kuwa shabiki wa timu ngeni, ambaye hubeba pia mzigo wa nauli, asitozwe zaidi ya pauni 30. Punguzo la mechi moja hujaza viti siku hiyo tu, lakini ukomo wa bei unaodumu humwezesha mzazi kumzoesha mwanawe uwanja. Vilabu vya Afrika Mashariki vinavyopanga viingilio mechi kwa mechi vitangaze ukomo huo kabla ya msimu kuanza.